Diski Niliyomchagulia Mama Rachel

Ninyi vijana wa karakana mliobaki na bisibisi zangu mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Najua mlitegemea kurasa mbili za sifa, za kusomwa siku ya kuniaga, watu wapige makofi kisha wale wali. Poleni. Nimestaafu na macho mabovu, muda mwingi, na mke ambaye kila saa ananiuliza kama ukuta wa jiko utaanguka nikiacha kuuegemea. Nitaandika. Mazuri nitayapita haraka, maana hayakunifundisha kitu.

Vita vya 1996 vilinikuta kwetu Kivu ya Kusini, nina diploma ya sekondari iliyokunjwa ndani ya Biblia, na sijawahi kulala nje ya nyumba ya mama yangu zaidi ya juma moja. Wenzangu walinitania kwamba hata nikienda chooni naaga. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetembezwa mpaka Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda. Safari yenyewe sitaisimulia. Kila mmoja wenu ana yake, na zinafanana kama punje za mahindi ya msaada.

Siku zile watu kambini waliulizia redio kabla ya blanketi. Blanketi haliwezi kukwambia kama kijiji chako bado kipo. Nilikuwa nimejifunza redio kwa kuharibu ya baba yangu, nikapigwa, nikaitengeneza, nikapigwa tena kwa sababu sasa ilishika stesheni moja tu. Kwa ujuzi huo nikajiita fundi. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kisu cha jikoni nilichokinoa ncha juu ya jiwe, na cha pili msumari niliouchoma kwenye makaa ili kuyeyusha risasi ya kuungia waya. Msumari ule ulinichoma mimi mara nyingi kuliko ulivyochoma waya.

Sifa za msumari zilifika mjini Mbarara. Muuza redio mmoja, Hajji Swalehe, akatuma niitwe. Alikuwa na duka dogo karibu na soko, mtu mnene mwenye vidole vyembamba kama vya mshona nguo. Siku ya kwanza alinitazama viatu, kisha uso.

“Wewe Mukongo, unajua kazi, ama unajua kuomba Mungu tu?”

“Yote mawili, Hajji, kidogo kidogo.”

“Basi anza na kuomba, ssebo. Hii redio ilianguka kwa mto Rwizi.”

Niliomba, nikaikausha juani siku mbili, ikalia. Hajji hakunisifu. Alisogeza kiti cha pili karibu na meza yake, na hapo nikakaa miaka mingi. Nilipanga chumba Nyamitanga, ng'ambo ya mto. Kwa mtu kama mimi kuvuka daraja asubuhi na jioni ilikuwa safari ya kutosha, na mke wangu, aliyebaki Nakivale kulima, alisema nimepata kazi inayofanana na jongoo: kujikunja mahali pamoja.

Kompyuta zilipoanza kuja, chakavu, zimefungwa kwa kamba kama mbuzi wa mnadani, Hajji alifungua diski iliyokufa ili nione ndani. Kulikuwa na sahani inayong'aa kuliko kioo, na mkono mdogo juu yake.

“Unaona hii mukono? Inapita juu ya kioo, karibu sana, lakini haigusi. Ni kama mutu anatembea kwa nyumba ya wakwe. Siku inagusa, imekwisha.”

Alinifundisha kusikiliza. Unaweka mpini wa bisibisi kwenye sikio, ncha kwenye mwili wa diski, na unafumba macho. Diski nzima inavuma kama nyuki walio mbali. Diski mgonjwa inagongagonga. Ile iliyopanda pikipiki kutoka Isingiro bila kufungwa kwenye nguo inakwaruza, na hapo unamwita mwenyewe umpe pole. Masikio yangu yalikuwa mazuri. Leo mke wangu anasema nayasikia maradhi ya mashine zote, isipokuwa mlango wa jikoni unaolalamika tangu mwaka juzi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wenu mmelikuta kama desturi, na hamjui lilikotoka. Kwetu cha zamani hubaki kwa fundi. Ukibadilisha diski, ya kale inabaki mezani, tutaitia kwenye mashine nyingine. Alikuwepo mwalimu mmoja wa Nakivale aliyewaandikia watu barua zao. Tulimbadilishia diski, ya zamani ikabaki, na mimi nikaitia kwenye kompyuta ya mnunuzi mwingine bila kufuta. Ndani yake kulikuwa na orodha ya majina: watu waliomshitaki mkubwa fulani wa kule kwetu kwa mambo aliyoyafanya. Orodha ikatembea. Sijui ilipita mikono ya nani. Asubuhi moja majirani walikuta nyumba ya mwalimu iko wazi, sufuria juu ya mafiga, maharagwe yameungua, na hakuna mtu. Hatukujua kama alikimbia na watoto wake au kama walichukuliwa. Mpaka leo sijui.

Hajji alifunga duka kutwa nzima. Kesho yake alisema neno moja tu.

“Disiki ya mukimbizi isilale hapa na maneno yake. Futa, mwenyewe anaangalia.”

Na tulifuta kweli. Mjue kwamba kubofya mahali palipoandikwa futa hakutoshi, kwa sababu jina ndilo linaloondoka na maneno yanabaki. Sisi tuliandika sifuri juu ya diski nzima, mwanzo mpaka mwisho, saa na saa, mwenyewe amekaa kwenye kigoda akitazama. Hajji aliita kazi hiyo kuosha maiti. Watu walitupenda kwa ajili yake. Walitoka mbali kuja kwetu, wakipita maduka mengine, kwa sababu walijua hapa siri yako itaoshwa machoni pako.

Hajji alipofariki nilirudi Nakivale na kufungua karakana hii mnayoijua. Mke wangu alifurahi juma zima, kisha akaanza kuulizia Nyamitanga kama bado kuna vyumba vya kupanga.

Hapa kambini hakuna aliyeleta laptop nzima. Walileta mifupa. Ndiyo tukaanza zile laptop za kuunga: kioo kutoka kwa marehemu mmoja, kibodi kutoka kwa wa pili, roho kutoka kwa wa tatu. Kuunga vyote hivyo ni uvumilivu tu. Kazi yenye uamuzi ni diski, kwa sababu kioo kikifa unanunua kioo, lakini diski ikifa inaondoka na kile ambacho mtu alinunulia mashine.

Mwaka 2013 alikuja Mama Rachel, shemasi wa kanisa letu. Mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea kama aliyetumwa. Kwa miaka mitatu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti kidogo, akiwauliza watu wa kwetu swali moja: nani alikufia njiani, na mlimlaza wapi. Hakutumwa na ofisi yoyote. Sauti alizihamishia kwenye laptop, akakifuta kinasa; kila familia aliipa faili lenye jina la ukoo, na ndani yake zilikuwa sauti: vuka mto fulani, panda, hesabu miti, tazama jiwe lenye umbo hili. Nilimuuliza ya kazi gani.

“Siku tutarudia kwetu, fundi, sitaki tulime juu ya batu betu.”

Mimi mwenyewe sikuwahi kumpa sauti yangu. Alibisha mlangoni kwangu mara mbili, nikasema nina kazi nyingi. Hakurudi mara ya tatu.

Laptop yake ilikuwa imepasuka bawaba, na diski ilikuwa imeanza kugonga.

“Iko nafanya tik, tik, sawa mutu mwenye kutafuna mufupa.”

Nikaweka bisibisi sikioni. Ilikuwa mgonjwa, lakini si wa kufa leo. Nikamwambia nitamuungia laptop nyingine, yenye nguvu, na tutachagua diski pamoja. Nikamweleza kwamba kuna diski ya kuzunguka, kama hii yake, kubwa lakini yenye mota na mkono, na kila shimo la barabara linaitikisa. Halafu kuna hizi mpya, SSD, ambazo ndani hazina kitu kinachotembea. Hazitikisiki, na hazili betri, jambo la maana kwa mtu anayekula umeme wa jua.

“Haitembei hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Sawa weye.”

“Kama mimi, Mama.”

“Basi hiyo itakaa muzuri mu nyumba.” Alicheka, na mimi nilicheka. Kisha akauliza swali ambalo fundi mzima kama mimi sikuwa nimejiuliza. “Hii ya kwangu inalia mbele ya kufa. Ile ingine inalia?”

“Hapana. Ile inakufa kimya.”

“Hapo sikupendi, fundi.”

Ilikuwepo njia ya tatu. Ningeweza kuitoa sehemu ya kuchezea sidii, nikaweka hapo diski yake ya zamani, sauti zikawa mahali pawili. Nilimtajia. Alitikisa kichwa. Maneno ya watu yakae fasi moja, alisema, yakikaa mbili ni hatari mara mbili. Na mimi, niliyeiona sufuria ya yule mwalimu, nilikubaliana naye kabisa. Mtu wa nchi yenye amani angetucheka sote wawili.

Sasa sikilizeni kosa langu, na msilipake asali. Diski yoyote ngeni nilikuwa nikienda Mbarara mwenyewe, na mashine yangu begani, naijaribia mezani kwa muuzaji. Juma lile mvua ilinyesha, barabara ilikuwa uji, na mke wangu alikuwa amechoma mahindi. Nikampigia muuzaji mmoja simu. Nikamwambia aitume na dereva wa pikapu. Ilifika imefungwa kwenye kasha zuri, nzito mkononi, yenye ganda la chuma. Ilionekana kama mtu mwenye heshima zake.

Nilijua flashi za uongo. Hajji alinifundisha: kifaa cha kuhifadhi usikiamini kinavyojitaja, kijaze mpaka kijae, kisha soma kila kitu ulichokijaza. Lakini kujaza diski nzima kunataka umeme wa kutwa, na kuosha ile ya zamani kunataka umeme wa kutwa. Mawingu yalikuwa yametanda siku tatu, betri za sola zilikuwa na nguvu ya kazi moja. Nikachagua kuosha. Nilisema moyoni kwamba jaribio ni hofu ya fundi, kuosha ni haki ya mwenye mali.

Nilinakili mafaili yote. Yalipangana kwa alfabeti, jina la kila familia na urefu wa sauti zake. Nikafungua la kwanza, mzee akasema. La pili, mama akasema. La tatu, la nne. Mama Rachel alisikiliza akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaiunga ile diski ya zamani kwenye mashine ya kuoshea, yeye akakaa kwenye kigoda, mke wangu akamletea chai. Tulitazama namba zikipanda mpaka mwisho. Alikaa muda wote ule, magoti pamoja, akilinda siri za watu. Ilipokwisha alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Asanti sana, fundi. Mungu akuone.”

Akaniona.

Baada ya majuma mawili alirudi, laptop imefungwa ndani ya kitenge. “Kuna batu benye kukatala kusema,” aliniambia. Nilidhani ni spika. Nikafungua faili la mwanzo, likasema. Nikashuka. Mpaka herufi M, sauti zilikuwepo. Kuanzia N kwenda chini kulikuwa na majina, tarehe, urefu wa kila sauti, vyote vimeandikwa safi. Ukibofya, kimya. Nikabofya moja baada ya nyingine mpaka akaniwekea mkono begani niache.

Nilifungua lile ganda la chuma mbele yake. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kutia kwenye simu, imeganda kwa gundi, na kando yake kipande cha chuma cha kuleta uzito. Kadi ilipojaa, iliendelea kusema ndiyo, ndiyo, nimepokea, huku ikitupa kila kitu. Yule muuzaji hakushika simu tena.

Diski ya zamani nilikuwa nimeitia kwenye kompyuta ya mtu wa Masha, nje ya kambi. Mimi, mtu wa jikoni, nilikwenda Masha kwa miguu siku ileile, nikaomba, nikaitoa, nikaichungulia kwa kila chombo nilichonacho. Ilikuwa sifuri tupu. Nilijua itakuwa hivyo. Kuosha ndiyo kazi pekee ambayo hakuna mtu aliyewahi kunilaumu kwamba sikuimaliza.

Nilijiandaa kwa kelele za Mama Rachel. Hakupiga. Alifunga laptop ndani ya kitenge, akapiga fundo.

“Benye kuwa bazima watasema tena. Benye kufa, tutaenda mu nyumba zao. Na ni weye utasema. Si miye.”

Tukaenda. Nyumba baada ya nyumba, kuanzia herufi N. Nilisimama kwenye nyua ambazo sikuwahi kuzikanyaga kwa miaka yote niliyoishi nao. Baba mmoja alicheka, akadhani ni utani wangu wa kawaida, na nikalazimika kusema tena. Mama mmoja akaniambia, “Umebaua mara ya pili,” akaingia ndani. Mzee wa kanisa alinipa kiti, akasema, “Usijali, Mungu iko na kopi,” kisha akalia mpaka mkewe akaja. Pale mashahidi walipokuwa hai, Mama Rachel aliwasha kinasa sauti na kuanza upya. Wengine walisema tofauti na mara ya kwanza. Jiwe lilihama. Mto ukawa mwingine. Mama Rachel hakuwasahihisha.

Ninyi siku hizi mnajaza diski mpya mpaka ukingoni kabla ya kuipa kazi, na diski ya zamani inakaa kwa mwenyewe miezi mitatu kabla hamjaiosha. Mlidhani ni uchovu wa mzee. Endeleeni hivyo, hata mteja akinung'unika, hata mawingu yakitanda.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Koko Yunia, bibi mzee, mjane wa Muzee Yona. Nilimkuta anapepeta mtama. Wakati wa kukimbia, binti yao mdogo alishikwa na homa njiani. Koko alitangulia na watoto wengine kwa sababu risasi zilikuwa nyuma, Muzee Yona akabaki na yule mgonjwa. Alipowafikia kesho yake alikuwa mikono mitupu. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahali alipomlaza mtoto. Alipaeleza Mama Rachel kwa kinasa sauti, ndani ya nyumba hiyohiyo, na mwaka uliofuata tukamzika hapa Nakivale.

Nilisema niliyokuja kusema. Koko aliweka ungo chini.

“Sauti ya Yona haiko?”

“Haiko, Koko. Ni mimi niliifuta.”

Alipangusa kigoda kwa kanga yake.

“Ikala. Alisemaka hiyo maneno mara mingi, kwa kila mugeni mwenye kuja. Miye niko nayo. Andika.”

Mama Rachel akawasha kinasa sauti, mimi nikafungua daftari. Kwa mara ya kwanza tangu arudi na kile kitenge nilipumua. Koko alifumba macho na kusema kwa sauti nzito, akimwiga mumewe bila kujua.

“Unatoka pa shule ya zamani. Unashuka mupaka pa mutoni, unavuka fasi kuko mawe matatu. Unapanda. Kuko njia mbili, unakamata ya kuume. Unapita shamba ya mihogo, haina mwenyewe. Unaona muti umekatwa na radi. Hapo pa muti unageuka…”

Nikangoja, kalamu juu ya karatasi.

“Unageuka upande gani, Koko?”

Alifumbua macho, akatazama mlango.

“Akifika pa muti alikuwa naanza kulia. Miye nilikuwa natoka inje.”

“Kila mara?”

“Kila mara. Hata ile siku Mama Rachel alikuja. Nilisema, leo nitoke tu, mashini iko inasikia.”

Mama Rachel, aliyesikia njia za watu wengi mno kukumbuka moja, alitikisa kichwa, ila hakuzima kinasa sauti. Tulikaa hivyo, sote watatu, kikiendelea kunasa, na Koko akaurudisha ungo mapajani na kuendelea kupepeta.